Spea Mbali, Ufundi Mbali

Gari limeinuliwa kwa jeki upande wa kushoto. Tairi lililofunguliwa limelazwa chini ya chesisi, ili jeki ikiteleza gari lisimwangukie mtu. Fundi amechuchumaa, ameingiza mtaimbo kwenye maungio ya gurudumu, anaubonyeza kidogo, na chuma kinacheza. Anamwita mwenye gari. "Mama, njoo ushike hapa mwenyewe. Unasikia inavyocheza? Boljointi imekwisha." Mama anainama, anaweka vidole pale alipoonyeshwa, anausikia mchezo ule, kisha anauliza: "Sasa shilingi ngapi?" Fundi hataji kiasi. Anauliza naye: "Spea, au pamoja na ufundi?"

Mazungumzo ya namna hii husikika kila siku chini ya miarobaini ya Dar es Salaam, kando ya barabara za Mwanza na Arusha, na kwenye vibanda vya Nairobi na Mombasa. Gereji za Ulaya na Marekani nazo huandika vipuri na saa za kazi katika mistari tofauti, lakini vyote hutoka mkono mmoja na hulipwa kwa mkupuo mmoja. Kwetu mteja anaweza kwenda dukani kununua spea mwenyewe, akarudi nayo mfukoni, na fundi asione ajabu yoyote. Spea mbali, ufundi mbali.

Mgawanyo huo una historia ya zaidi ya miaka 100. Anayetaka kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki au anapigwa hana budi kuijua historia hiyo, kwa sababu karibu kila hila ya gereji zetu, na karibu kila uungwana wake pia, umekaa kwenye mpaka huo kati ya chuma na mkono.

Tarehe 10 Agosti 1907, luteni Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau, akikusudia kulivuka bara mpaka pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Miezi karibu 21 ilipita njiani, na si michache kati ya hiyo gari lilikuwa limesimama tu, likisubiri petroli na vipuri kutoka Ujerumani. Watu wa kulisukuma, kulivuta kwa kamba na kulivusha mito walikuwepo kila alikofika. Kilichokosekana ni kipande cha chuma cha kipimo chake. Basi tangu mwanzo jambo lilikuwa wazi: chuma kiko mbali na ni ghali, mkono uko karibu na huonekana rahisi. Bei za gereji zetu zimejengwa juu ya msingi huo.

Mikono iliyozoea vyuma ilitoka kwenye reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na karakana zake ziliajiri wahunzi, maseremala na mafundi mitambo kutoka Punjab. Magari yalipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jamii za mafundi hao zilifungua gereji mjini baada ya mji. Ndiyo maana Msikh, yaani Singasinga kwa Watanzania au Kalasinga kwa Wakenya, alikuja kuwa katika mawazo ya watu mtu wa spana na grisi. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kujifunza kazi katika gereji ya baba yake, alishinda Safari Rally ya 1965 kwa gari la Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant, akashinda tena 1974 na 1976. Watu walimwita dereva bingwa. Mafundi walimjua kuwa ni mwenzao aliyeisikia injini kabla haijalalamika.

Ndani ya gereji hizo walikuwemo vijana wa Kiafrika walioanza kwa kufagia, kuosha vipuri kwa petroli na kukabidhi spana. Hao ndio spanaboi. Kenneth King, msomi aliyefuatilia safari ya ufundi huo kutoka karakana za Wahindi hadi mikononi mwa Waafrika, aliichapisha habari yao mwaka 1977 katika kitabu The African Artisan. Spanaboi hakuwa na darasa. Alijifunza kwa jicho na kwa sikio, na baada ya miaka aliweza kushusha injini na kuirudisha peke yake. Hesabu ya mteja hakuifundishwa; hiyo ilifanyiwa mezani kwa tajiri. Alipotoka kwenda kujitegemea alikuwa na mikono iliyokamilika, bila duka la spea, bila mtaji wa kulijaza, na bila kitabu cha bei. Angeuza nini isipokuwa kile alichokuwa nacho? Aliuza ufundi. Spea akamwachia mteja.

Kitabu cha bei kilikuwepo kwingine. Katika miongo kati ya vita viwili vikuu, kampuni ya Ford ilijaribu kuifanya gereji ya Marekani ifanane na kiwanda: kila kazi ipangiwe muda wake, muda uzidishwe kwa bei ya saa, na mteja ajue gharama kabla nati haijaguswa. Mchapishaji Chilton akatoa vitabu vya saa kwa magari ya aina nyingi. Wazo lilikuwa zuri, na gereji za mawakala wa kampuni kubwa hutumia vitabu kama hivyo mpaka sasa. Ila kiwandani nati ni mpya, na gereji hupokea nati iliyokula kutu miaka 10. Boliti moja ikikatikia ndani, saa moja ya kitabuni hugeuka kuwa mchana mzima.

Wala kitabu hakikuleta uaminifu. Mwaka 1941 jarida la Reader's Digest liliwazungusha watafiti wake Marekani nzima wakiwa na gari zima, ila kila walipokaribia gereji walichomoa waya mmoja wa koili kwa makusudi. Kasoro hiyo fundi yeyote huiona kwa kufungua boneti tu. Walipita gereji 347. Gereji 218, yaani asilimia 63, ziliwadanganya: zilitoza kazi isiyohitajika, kazi isiyofanyika, au bei isiyolingana na waya uliochomoka. Miaka 30 baadaye, mwaka 1971, jimbo la California lilitunga sheria maalumu ya matengenezo ya magari na kuunda idara ya kuisimamia. Ni vizuri habari hizi zijulikane, maana wapo wanaosema wizi wa gereji ni tabia ya mafundi wa mtaani wasio na vyeti. Ulikuwepo Marekani ilikozaliwa Ford, na ulikuwepo chini ya paa zuri lenye kibao.

Wanauchumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika juu ya tatizo hilo mwaka 1973. Zipo huduma, walieleza, ambazo mnunuzi hawezi kujua kama alizihitaji hata baada ya kuzilipia, na mfano unaotajwa mara kwa mara ni gari. Anayetaja ugonjwa ndiye huyo huyo anayeuza dawa. Gari likipona, mwenye gari hajui kama kilichoponya ni kile kipande cha bei mbaya au ni skrubu iliyokazwa bure.

Mwaka huo huo wa 1973 Tanzania ilijaribu njia nyingine kabisa ya kupata bei ya haki: serikali iitaje. Ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ya Taifa ikapanga bei za bidhaa nyingi mno, kuanzia sabuni na sukari. Uagizaji wa magari na vipuri ukawa mikononi mwa mashirika ya umma, likiwemo State Motor Corporation. Nia ilikuwa kumlinda mnunuzi asilanguliwe. Lakini mwishoni mwa mwaka ule ule bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Ukame wa 1973 na 1974 ukala akiba ya fedha za kigeni kwa kununua chakula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikachukua malori na mabasi ya raia kwenda mstari wa mbele, na mafuta yakapanda tena vita vikiwa havijapoa. Fedha za kigeni zilikwisha, na spea hununuliwa kwa fedha za kigeni.

Bei halali ilikuwepo kwenye orodha. Chuma chenyewe hakikuwepo rafuni.

Watu wazima wa Dar es Salaam wanayakumbuka magari ya miaka ile: Peugeot 404, Land Rover, Bedford, Leyland, yakiwa yamesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba na nyuma ya ofisi, magurudumu yamehamia kwenye gari jingine. Wanakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Wanakumbuka mabasi ya UDA, shirika la usafiri wa mjini lililoanzishwa 1974, yakipungua barabarani moja moja, hadi mwaka 1983 serikali ilipowaruhusu watu binafsi kubeba abiria, na abiria wakayaita magari hayo daladala kwa sababu ya nauli yake, sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala.

Daladala ya kwanza ilitembeaje katika nchi isiyo na spea? Ilitembea kwa ufundi. Bushi zilichongwa kutoka mpira wa matairi chakavu. Viatu vya breki vilivyoisha havikutupwa. Laini mpya ilibandikwa juu ya chuma cha zamani na kupigiliwa ribiti. Shafti iliyolika ilijazwa kwa kuchomelea, ikapelekwa kwenye mashine ya kukereza mpaka irudi kwenye kipimo. Rejeta iliyotoboka ilizibwa kwa risasi, ikatoboka tena, ikazibwa tena. Chuma cha gari moja kilivalishwa gari jingine baada ya kupunguzwa kwa tupa usiku kucha. Katika miaka ile mkono wenyewe ulikuwa ndio spea, na fundi aliyeweza kuchonga kipande kisichopatikana aliheshimiwa kama mganga.

Kazi hizo zilifanyika wapi? Nyingi hazikufanyika kwenye gereji zilizosajiliwa. Zilifanyika uani, vichochoroni, chini ya miti, katika sehemu ambazo watu waliziita gereji bubu, kama wasemavyo bandari bubu kwa maana ya bandari isiyotambuliwa na serikali. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwa kina kwamba maarifa yaliyoyaweka magari ya Tanzania barabarani yalitunzwa na kukuzwa na mafundi wa aina hiyo. Wakubwa wa mipango miji waliwaona kama uchafu wa kuondolewa. Bila wao, maziwa yasingefika mjini wala mgonjwa asingefika Muhimbili.

Miaka hiyo ya uhaba iliacha alama nyingine katika bei, nayo ndiyo inayowaumiza wengi hadi leo. Fundi alikuwa ndiye mtu pekee aliyejua spea ilipo. Alijua nani ana kabureta ya 404 chini ya kitanda, dereva gani wa lori anayerudi kutoka mpakani, karani gani wa stoo anayesikia lugha. Kuitafuta spea kulimgharimu nauli, siku nzima ya miguu na hatari isiyo ndogo, hasa mwaka 1983 wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo kukutwa na mali isiyo na stakabadhi kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Aliporudi na spea alitaja bei iliyokuwa na kitu juu yake. Hicho ndicho cha juu. Wakati huo kilikuwa malipo ya miguu na hatari, na mteja aliyelipa alishukuru. Uhaba uliisha, cha juu kikabaki. Leo fundi hupiga simu dukani, spea ikaletwa kwa bodaboda ndani ya nusu saa, na bado kitu huongezwa juu, safari hii kimyakimya.

Kenya ilipita njia tofauti kidogo. Spea hazikukauka kwa kiasi kile, na magari kama Peugeot 504 yaliunganishwa humo humo nchini. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa taarifa juu ya ajira Kenya ambayo iliwafanya wataalamu duniani waanze kulitazama tabaka la mafundi wa mitaani kama sehemu ya uchumi na siyo kero ya polisi. Wenyewe walijiita jua kali, kwa kuwa hawakuwa na paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi vibanda vya kuwakinga; mwaka 1992 serikali ilichapisha waraka wa sera wenye neno jua kali kwenye jina lake. Neno la mtaani likaingia kwenye karatasi ya Bunge.

Kwa upande wa magari, moyo wa jua kali ulikuwa barabara ya Grogan, Nairobi. Barabara hiyo ilipewa jina la mlowezi Ewart Grogan, ikabadilishwa kuwa Kirinyaga Road baada ya uhuru, na watu wakaendelea kuiita Grogan. Pale kazi iligawanyika kama nyuzi za kamba: huyu rejeta tu, yule springi tu, mwingine umeme, mwingine kunyoosha bodi, na katikati yao safu za maduka ya spea. Sifa mbaya ya taa na vioo vya wizi ilikuwepo, na hakuna haja ya kuificha. Lakini mtaa wa namna ile, kama Gerezani ya Dar es Salaam au soko la Kisekka la Kampala, ulikuwa na kinga moja ya bei ambayo gereji ya pekee haina. Mteja aliyetajiwa bei asiyoipenda alipiga hatua 20 tu akauliza kwa jirani, na jirani alikuwa ameshayasikia mazungumzo. Kwa zaidi ya nusu karne hicho kimekuwa kipimo cha bei cha wanyonge: kuuliza sehemu tatu kabla ya kulipa.

Mlango wa Tanzania ulifunguka kwa hatua. Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akashika urais, watu wakamwita Mzee Ruksa. Katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakamiminika, Toyota zikizidi aina nyingine zote, na wafanyabiashara wa Kariakoo wakawa wanakwenda Dubai na kurudi na makasha ya spea. Rafu zilizokuwa tupu zilijaa, na hapo tatizo likageuka. Swali la zamani lilikuwa, ipo? Swali jipya likawa, ipi?

Kwa maana boljointi ile ya mama ina bei nne au tano katika duka moja. Ipo jenuini, yenye boksi la kampuni ya gari. Ipo iliyotengenezwa na kiwanda kinachoiuzia kampuni hiyo, ila kwa jina lake chenyewe. Ipo ya Taiwan. Ipo ya bei ya chini kabisa, iliyovaa boksi linalofanana na jenuini mpaka herufi. Na upo mtumba, uliotolewa kwenye gari la Japani, ambao mafundi wengi, kwa vifaa vya umeme kama alternata na sensa, huuamini kuliko kipya cha kuiga. Hakuna jibu moja sahihi hapo. Kwa boljointi na breki, vitu vinavyoshika roho ya mtu, mtumba ni kamari, kwa kuwa hakuna anayejua umekwisha kiasi gani. Kwa alternata, mtumba mzuri unaweza kudumu miaka.

Bei ya haki, basi, haiwezi kujulikana mpaka daraja la spea litajwe. Anayesema "boljointi shilingi fulani" bila kusema ipi hajataja bei bado. Ndiyo maana mafundi waungwana wana desturi ya kufungua spea ya zamani kwanza, kuifuta kwa kitambaa, na kumpa mteja aende nayo dukani kama sampuli, pamoja na namba ya chesisi imeandikwa kwenye kipande cha boksi. Corolla mbili za miaka inayofuatana zinaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane spea. Muuzaji huzilinganisha mbili juu ya kaunta, ya zamani na mpya, jino kwa jino, tundu kwa tundu. Mwenye gari aliyesimama kwenye kaunta ile mara moja tu amejifunza kuliko aliyepewa karatasi za gereji kwa miaka 10.

Kwenye ufundi nako kuna la kujifunza, nalo ni rahisi: kinacholipwa zaidi ni kufungua. Klachi ni mfano mzuri. Sahani yenyewe ya klachi huingia kwa dakika chache, lakini ili kuifikia lazima giaboksi ishushwe, na hiyo ni kazi ya nusu siku ya watu wawili waliolala chali. Giaboksi ikishashuka, kubadilisha sahani, presha pleti na beringi ni ufundi ule ule mmoja. Hata sili ya nyuma ya injini, ikiwa inavuja, huwekwa hapo hapo kwa jasho dogo la nyongeza. Taimingi belti na wota pampu ni vivyo hivyo kwenye injini nyingi. Kwa hiyo fundi anayeshauri vitu vitatu vibadilishwe kwa pamoja si lazima awe mroho. Mara nyingi anamwokoa mteja asilipe kufungua mara tatu. Anayeonea ni yule anayetoza ufundi wa kila kimoja kana kwamba giaboksi ilishushwa mara tatu.

Kompyuta za kupimia zimeongeza mstari wa tatu kwenye hesabu. Marekani iliyalazimisha magari madogo yote mapya kuanzia toleo la 1996 yawe na tundu la aina moja la kuunganishia mashine ya kusoma hitilafu, na teknolojia hiyo ikaja kwetu ndani ya magari yenyewe. Sasa kuna hela ya kupima. Ni malipo halali, kwa kuwa kutambua ugonjwa ni kazi. Lakini namba inayotokea kwenye kioo hutaja mahali pa kutazama tu. Sensa ya oksijeni ikitajwa, kosa linaweza kuwa paipu ya ekzosi iliyotoboka kwa chini, tundu la kuchomelewa, na sensa ikawa nzima kabisa. Fundi aliyesoma namba na kwenda moja kwa moja dukani hajapima.

Liko jambo ambalo wenye magari hawapendi kuambiwa. Cha juu kimedumu kwa sababu ufundi umelipwa kidogo mno. Tazama mabishano yanavyokwenda. Fundi anataja ufundi sh 40,000. Mteja anakazana, anataja watoto wa shule, anataja fundi mwingine, mpaka inafika 25,000, na anaondoka akijiona mjanja. Bei ya spea, ambayo hakuihoji kwa kuwa chuma kinaonekana na kinashikika, imebeba zile 15,000 na zaidi. Tangu siku za spanaboi jamii yetu imeheshimu chuma kuliko mkono: tunalipia boksi kutoka Japani bila kunung'unika, na tunaomba tupunguziwe akili ya mtu aliyejua ni boksi lipi la kununua. Fundi naye hufidia pale tusipotazama. Si uungwana, na haifai kutetewa, lakini tabia hiyo haikuzuka yenyewe. Ilifundishwa na wateja.

Sheria nayo imeanza kuufikia mpaka huo. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Watumiaji mwaka 2012, kwa kufuata kwa karibu sheria ya jimbo la Ontario, Kanada, na ndani yake kuna sehemu maalumu kuhusu matengenezo ya magari. Mteja ana haki ya kupewa makadirio kabla ya kazi kuanza. Gharama ya mwisho haitakiwi kuyapita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Na spea zilizotolewa garini zirudishwe kwa mwenye gari. Wenye magari wachache sana wanajua kwamba haki hizo zimeandikwa.

Hilo la mwisho mafundi wazuri wa gereji bubu walikuwa wakilitenda kabla ya sheria yoyote: boljointi ya zamani, imefungwa kwenye gazeti, inawekwa chini ya kiti cha abiria bila kuombwa. Ewe mwenye gari, ukienda gereji kesho, omba ufundi utajwe peke yake, na ukiwa wa haki ulipe wote bila kukata. Kisha nenda dukani na spea ya zamani mkononi, ubishane huko bei ya chuma, na urudi na risiti.